Namna ya Kuusoma Mtaa wa Herengracht, Amsterdam

Mtu anayefika Herengracht kwa mara ya kwanza hutazama maji. Huona mfereji, mashua, baiskeli zilizofungwa kwenye vyuma vya daraja, akapiga picha mbili tatu na kuondoka akiamini ameuona mtaa. Mimi nilifanya hivyo hivyo. Ukweli ni kwamba maji ndiyo yasiyosema mengi hapo. Habari zote zimo kwenye kuta za mbele za nyumba, na zimeandikwa kwa mpangilio ambao mtu yeyote anaweza kujifunza kuusoma kwa asubuhi moja, akijua aanzie wapi na atazame nini kwanza.

Tuanze na jina. Kwa Kiholanzi, "gracht" ni mfereji wa mjini, na "heren" ni mabwana, yaani wale matajiri wachache walioitawala Amsterdam kutoka barazani mwao. Herufi "g" hutamkwa kama "kh" ya "khamsa" ya Kiarabu, hivyo mtu wa pwani ya Afrika Mashariki hatapata taabu kubwa kulitamka jina hili kuliko watalii wengine. Mfereji wa Mabwana ni mmoja wa mitatu mikuu iliyochimbwa kuuzunguka mji wa kale, pamoja na Keizersgracht na Prinsengracht, katika upanuzi ulioanza mwaka 1613. Mji ulikuwa umefurika watu. Baada ya Antwerp kuangukia mikononi mwa Wahispania mwaka 1585, wafanyabiashara na mafundi wengi walikimbilia kaskazini, na kampuni ya biashara ya India ya Mashariki iliyoundwa mwaka 1602 ikazidi kuleta mali. Halmashauri ya mji ikachimba mifereji, ikapima viwanja, ikaviuza, na kuweka masharti juu ya nani ajenge nini. Kazi zenye kelele, moshi au harufu mbaya hazikutakiwa mbele ya nyumba za mabwana.

Tenga muda wa saa tatu kwa matembezi haya, maana mtaa una urefu wa kilomita mbili na ushei na utasimama mara nyingi. Anzia upande wa kaskazini, mfereji unapokutana na Brouwersgracht, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni kuu. Namba za nyumba zinaanzia hapo na kupanda kuelekea kusini. Namba witiri ziko upande wa ndani, ulio karibu na mji wa kale, na namba shufwa ziko upande wa nje. Jambo hili lina faida zaidi ya kutafuta anwani. Katika sehemu ya mwanzo, nyumba za upande wa nje zinatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi ndizo zinazopigwa na jua. Mchana zamu ni ya wenzao wa ng'ambo. Mbele zaidi mfereji unapopinda kuelekea mashariki, nyumba za namba shufwa hutazama kaskazini na hubaki kivulini karibu siku nzima. Ukitaka kuona michoro ya mawe vizuri, fuata jua, na usimame ukingo wa pili kuliko ulipo ukuta unaoutazama. Ukisimama chini ya nyumba yenyewe utaona mlango na pua ya ngazi tu. Kipindi bora ni majira ya baridi na mwanzo wa machipuko, kabla miti iliyopangwa kando ya maji haijatoa majani. Wakati wa kiangazi miti hiyo hupendeza mno, lakini huziba nusu ya unachotafuta.

Sasa inua macho hadi juu kabisa. Paa za nyumba hizi zina mgongo unaokwenda kutoka mbele hadi nyuma, hivyo ukuta wa mbele huishia kwa kilele kinachoificha pembetatu ya paa, na umbo la kilele hicho ndilo linalokupa umri wa nyumba kwa makadirio. Kilele cha ngazi, kinachopanda kwa vidato pande zote mbili, ni cha miaka ya kwanza ya karne ya 17. Kikifuata kilele cha shingo, mstatili mrefu uliosimama katikati huku mabega yake yakijazwa mapambo ya mawe, umeingia mwishoni mwa miaka ya 1630 na kuendelea. Kilele cha kengele, chenye mikunjo laini inayoshuka kama mabega ya kengele ya kanisa, kilienea baadaye kidogo na kudumu hadi mwishoni mwa karne ya 18. Kilele chembamba kilicho kama faneli iliyofudikizwa mara nyingi ni cha ghala. Na pale ambapo huoni kilele chochote, ila mkanda mnene ulionyooka kutoka ukuta hadi ukuta, hiyo ni ladha ya wakubwa wa mwishoni mwa karne ya 17 na karne ya 18, waliotaka nyumba zionekane kama majumba ya kifalme.

Hapa pana mtego. Wenye nyumba walifuata mitindo kama watu wa leo wanavyofuata, na wengi walibomoa kilele cha zamani wakaweka mkanda mnyoofu bila kugusa nyumba iliyo nyuma yake. Kwa hiyo usiamini ukuta wa mbele peke yake. Rudi nyuma, panda darajani, uitazame paa: ukiona mgongo mwembamba mkali unachungulia nyuma ya mkanda ulionyooka, kuna uwezekano mkubwa kwamba umemkamata mzee aliyevaa kanzu mpya.

Chini kidogo ya kilele utaona boriti imechomoza, na ncha yake ina kulabu. Ngazi za ndani ni nyembamba na zimesimama wima kiasi kwamba kabati haliwezi kupita, hivyo mizigo hupandishwa kwa kamba na kapi kupitia dirishani. Zamani darini kulikuwa ghala, na bidhaa zilipanda kwa njia hiyo hiyo. Hadi leo watu wanaohama hutumia kulabu hizo, ingawa ngazi za mashine zimechukua sehemu kubwa ya kazi. Ukisimama ubavuni mwa safu ya nyumba utaona pia kwamba kuta nyingi zimeinamia mbele makusudi, ili mzigo usigonge madirisha unapopanda. Zile zinazoinamia upande ni habari nyingine: hazikukusudiwa, bali misingi imetitia.

Misingi yenyewe huioni, lakini ndiyo inayoeleza mengi ya unayoyaona. Chini ya mji ni matope na udongo laini wa mimea iliyooza, na mchanga mgumu wa kwanza uko kiasi cha mita 12 chini. Waliojenga walipigilia magogo hadi kuufikia mchanga huo, kisha wakajenga juu yake kwa matofali. Mbao zikibaki ndani ya maji hudumu karne nyingi. Maji yakishuka na hewa ikaingia, huoza. Mbao hizo, pamoja na boriti za sakafu, zililetwa kwa meli kutoka Norway na nchi za Baltiki. Aliyekulia Mji Mkongwe au Lamu ataelewa mara moja: kama vile upana wa chumba cha nyumba ya mawe ya pwani ulivyopimwa kwa urefu wa boriti za mikoko, nyumba ya hapa nayo ilifungwa na mti uliobeba sakafu yake.

Mara nyingi mtembezaji wa watalii atakuambia kwamba nyumba ni nyembamba kwa sababu ya kodi iliyotozwa kwa upana. Mimi naona maelezo ya viwanja yana nguvu zaidi. Halmashauri iliuza vipande vya upana uliokaribiana, futi 30 hivi za Amsterdam, ambazo ni kama mita 8 na nusu, vikienda mbali sana nyuma ambako palipandwa bustani. Aliyetaka upana zaidi alinunua viwanja viwili. Kwa hiyo hesabu madirisha ya ghorofa moja: matatu ni kiwanja kimoja, matano ni tajiri aliyenunua viwili.

Baada ya hapo shusha macho mlangoni. Ngazi za mawe hupanda hadi mlango mkuu, na chini yake, nusu ndani ya ardhi, kuna mlango mwingine mfupi usio na pambo lolote. Mlango wa juu ni wa mwenye nyumba na wageni wake. Wa chini ni wa watumishi, makaa, maji na mboga. Inama uutazame kwa karibu: kizingiti kimelika katikati, na mtu mrefu angepaswa kuinamisha kichwa ili aingie. Milango hii miwili ya ukuta mmoja ni somo la tabaka ambalo halihitaji kibao cha maelezo.

Ukishajua hayo, nyumba chache zinastahili kusimamiwa kwa muda mrefu. Ya kwanza ni namba 170 na 172, nyumba ya Bartolotti, iliyojengwa kiasi cha mwaka 1617 na kunasibishwa kwa msanifu majengo Hendrick de Keyser. Mwenye nyumba aliitwa Willem van den Heuvel, akachukua jina la Kiitalia la jamaa yake aliyemrithisha mali. Tazama jinsi ukuta mzima unavyopinda kuufuata mfereji, matofali mekundu yakikatizwa na mawe meupe kama kofia iliyodariziwa. Ukutani kuna maneno ya Kilatini yanayomsifu mwenye nyumba kwa akili, bidii isiyokoma, dini na uadilifu. Tajiri huyo hakungoja kusifiwa na majirani. Jirani yake, namba 168, ni kazi ya msanifu majengo Philips Vingboons ya mwaka 1638, na kilele chake cha shingo ni miongoni mwa vya kwanza kabisa mjini. Mitindo miwili imesimama bega kwa bega, na kati yake ni miaka ishirini tu. Vingboons huyo huyo ndiye aliyejenga nyumba nne zinazofanana, namba 364 hadi 370, mwaka 1662 kwa ajili ya Jacob Cromhout. Jina hilo maana yake ni mti uliopinda, na ukutani utaona jiwe lililochongwa kipande cha mti kilichopinda. Kabla ya namba za nyumba, mawe ya aina hiyo ndiyo yaliyokuwa anwani.

Namba 380 itakushangaza kwa kutofanana na majirani. Ni kasri la mtindo wa Kifaransa, lililojengwa kati ya 1888 na 1890 kwa fedha za Jacob Nienhuys, mkulima wa tumbaku wa Deli huko Sumatra. Hatua chache mbele, namba 386, pana jumba la makumbusho ya mifereji, ambako utaona namna magogo yalivyopigiliwa.

Kisha mtaa unapinda, nawe umefika sehemu iitwayo Pindo la Dhahabu, kati ya Leidsestraat na Vijzelstraat. Viwanja vya hapa viliuzwa katika upanuzi wa pili, miaka ya 1660, na wengi walinunua viwili viwili. Vilele vimetoweka, mapambo ni machache, mawe ya mchanga yamechukua nafasi ya matofali, na kila kitu kimepangwa kwa ulinganifu wa kulia na kushoto. Mchoraji Gerrit Berckheyde alilichora pindo hili kiasi cha mwaka 1672 likiwa jipya, na picha yake imo Rijksmuseum, makumbusho ya taifa yaliyo mjini humo humo. Iangalie kabla ya kuja, kwa sababu inaonyesha kuta zote bila miti.

Simama mbele ya namba 502, penye nguzo mlangoni. Ni makazi rasmi ya meya wa Amsterdam tangu mwaka 1927. Ilijengwa mwaka 1672 kwa ajili ya Paulus Godin, mmoja wa waongozaji wa kampuni ya India ya Magharibi, aliyefanya biashara ya watumwa. Tangu mwaka 2006 kuna jiwe la kumbukumbu linalosema hivyo waziwazi. Soma jiwe hilo kabla ya kuzisifia nguzo. Tarehe 1 Julai 2021 meya Femke Halsema aliomba radhi kwa niaba ya mji kwa sehemu uliyoshika katika utumwa. Sisi tunaotoka pwani, ambako majumba mengi mazuri nayo yalijengwa kwa jasho la watumwa wa mashamba ya karafuu, hatuna haja ya kufafanuliwa kwa nini jiwe dogo kama hilo lina uzito kuliko lango zima.

Ukitaka kwenda ndani zaidi, nyaraka ziko karibu. Jengo kubwa la De Bazel kwenye Vijzelstraat, lililomalizika mwaka 1926 kama makao ya kampuni ya biashara ya kikoloni, sasa ni hifadhi ya nyaraka za mji. Tafuta humo michoro ya Caspar Philips, aliyezichora nyumba zote za Herengracht na Keizersgracht ukuta kwa ukuta kati ya 1768 na 1771. Chukua nakala ya kipande kimoja, urudi nacho mtaani na ulinganishe: ni kilele gani kimebaki, ni kipi kimekatwa, ni nyumba zipi mbili zimekuwa moja.

Malizia Huis Willet-Holthuysen, nyumba ya makumbusho iliyo namba 605, ikiwa unataka kuingia ndani ya nyumba ya aina hii na kuona jiko la chini na vyumba vya juu kwa tiketi moja, kisha endelea hadi mto Amstel. Ng'ambo ya mto mfereji unaendelea kwa jina la Nieuwe Herengracht, lakini ule msongamano wa majumba unapungua. Mwaka 1672 Ufaransa, Uingereza na maaskofu wawili wa Ujerumani waliivamia Uholanzi kwa pamoja, wanunuzi wakakosekana, na viwanja vingi vya upande huo vikakodishwa kuwa bustani. Eneo hilo bado huitwa Plantage, yaani mahali palipopandwa.