Jinsi ya kuifanya piano imjibu mpiga fluti

Kama mmepewa kipande cha kisasa cha fluti na piano, mkafungua noti za piano mkakuta vichwa vya noti vyenye umbo la almasi, msishtuke, mara nyingi hapo mtunzi hataki piano ipigwe, anataka funguo zibonyezwe kimya kimya. Mi natunga hivyo sana na hii ndo sehemu naipenda kuliko zote, tena ndo inayoharakishwa zaidi mazoezini.

Tafuteni piano yenye nyuzi. Kibodi ya umeme haifai hapa maana haina nyuzi za kuitikia. Fungueni kifuniko, alafu mpiga piano ashike C iliyo oktava mbili chini ya C ya katikati, aishushe taratibu mpaka mwisho bila nyundo kugonga uzi, na asiachie, hapo ile felti inayozima uzi inakuwa imenyanyuka na uzi uko huru. Mpiga fluti asogee karibu, aelekeze sauti kwenye nyuzi, apige G iliyo juu ya C ya katikati, fupi na kwa nguvu, anyamaze. Mtasikia piano inaendelea kuimba ile G yenyewe! Sasa jaribuni F shapu, noti iliyo chini kidogo tu ya hiyo G, mtaona karibu hakuna kitu. Ule uzi wa C unatetemeka kama hezi 65, yaani mara 65 kwa sekunde, na huitikia pia sauti zilizo mara mbili, mara tatu na kuendelea za hapo, zidisha mara sita unapata kama 392, ambayo ndo hiyo G, ila F shapu ile haimo humo.

Mtunzi wa Italia Luciano Berio aliitumia mbinu hii mwaka 1984 kwenye kipande chake Sequenza X, ila yeye alikuwa na tarumbeta, na tarumbeta ina nguvu. Kwa fluti lazima chumba kitulie kabisa, hata feni zimeni.

Tuni nayo ni muhimu mno, G ikipanda kidogo tu uzi unaitikia vibaya, na fluti ukiipuliza kwa nguvu hupanda, kwa hiyo ipashe moto kwanza, fuata piano maana yenyewe haiwezi kukufuata, na kwenye noti za nguvu tumia midomo kuelekeza pumzi chini kidogo.

Kwenye kituo kinachofuata, yaani pale muziki unaposimama baada ya noti hiyo, msihesabu mbio, subirini mwangwi uishe wenyewe, ndo maana sisi watunzi tunakiandika hicho kituo. Na mpiga piano aachie ufunguo polepole, felti ikidondoka ghafla inasikika.