Nyanya zenye kola ya njano: potashi iwekwe lini

Msimu wangu wa kwanza hapa Hombolo, Dodoma, nilifikisha matenga sokoni Majengo nikiwa na furaha zote. Dalali akaokota nyanya moja, akaigeuza, akasema: "Mama, hizi zimevaa kola." Chini nyekundu safi, juu kuzunguka kikonyo njano, tena ngumu. Tulipoipasua, nyama yake ilikuwa na nyuzi nyeupe. Bei ikashuka palepale, na sikuwa na la kujibu. Somo la leo ni hilo la kola.

Hatua ya 1: Hakikisha ni upungufu wa potashi, yaani mbolea ya potasiamu. Anza na majani ya chini. Potasiamu huhama ndani ya mche: ikipungua, mche huichota kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwenye matunda. Ndiyo maana kingo za majani hayo hukauka kama zimebabuliwa na moto, huku katikati pakibaki kijani. Majani yakiwa mazima na unjano ukawa upande wa jua tu, mshukiwa ni joto. Rangi nyekundu ya nyanya hujengeka vizuri kwenye nyuzijoto 20 hadi 25. Ikipita 30 inaanza kugoma, na tunda lililo wazi juani huwa na joto kuliko hewa yenyewe. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja huku kwetu hilo mnalijua. Kwa hiyo acheni kupukutisha majani ovyo! Geuza na jani uangalie chini yake, kwani nzi weupe nao husababisha tunda kuiva kwa mistari.

Hatua ya 2: Soma mfuko. Kati ya namba tatu zilizoandikwa mfukoni, ya tatu ndiyo potashi. Mfuko wa kilo 50 wa 17-17-17 una kilo 8.5 tu. Mfuko kama huo wa salfeti ya potasiamu una kilo 25. Urea na CAN (mbolea za naitrojeni) hazina hata chembe, na wengi wetu ndizo tunazokuzia mwanzo hadi mwisho. Nyanya hula potasiamu nyingi kuliko naitrojeni, kwa hiyo shamba linakuwa kijani la kupigia picha, matunda yanabaki na kola.

Hatua ya 3: Gawa, na uwahi. Hapa ndipo nilipopigwa. Mimi niliweka potashi nilipoona matunda yanaanza kubadilika rangi. Kumbe kasoro ile huanza tunda likiwa bado dogo na kijani. Likishaanza kuiva halirekebishiki. Kama udongo haujapimwa (kupima ni bora), mimi hupandia 17-17-17, kisha salfeti ya potasiamu kizibo kimoja cha soda kwa kila mche maua ya kwanza yakitoka, na kingine matunda yakifikia ukubwa wa gololi. Kizibo ni kama gramu 5. Kwa nafasi ya sentimita 90 kwa 50 ekari ina miche kama 9,000, kwa hiyo kila awamu inakula karibu mfuko mmoja. Weka mbali kidogo na shina, fukia.

Hatua ya 4: Maji. Mizizi haili mbolea iliyokaa kwenye vumbi. Mwagilia kidogo kidogo bila kuruka siku.

Maswali ya wanakikundi

*Chamwino: Mama, majivu ya jikoni hayatoshi? Yanasemwa yana potashi.*
Yanayo, mwanangu, ila yanapandisha pH ya udongo (ualkali, kinyume cha uchachu), na ya udongo wetu mwingi imeshapanda. Usiyachanganye na urea wala CAN, naitrojeni itapotea hewani.

*Kongwa: Nimeongeza potashi mara mbili ya ulivyosema. Kola imepungua, sasa vitako vinaoza vyeusi.*
Umezidisha, ndugu yangu. Potasiamu ikijaa, kalsiamu na magnesiamu hukosa nafasi ya kuingia mizizini, na kitako cheusi ni tunda kukosa kalsiamu. Simamisha potashi, sawazisha maji. Yaliyooza chuma utupe.

*Bahi: Kloraidi ya potasiamu ni rahisi kuliko salfeti. Kuna ubaya?*
Ina potashi zaidi, kilo 30 kwa mfuko wa 50. Lakini inaongeza chumvi. Kama maji ya kisima chako ukiyaonja yana chumvi, lipia salfeti.

*Mpwapwa: Nikipulizia majani kwa bomba je?*
Kama msaada tu: naitreti ya potasiamu gramu 100 kwa bomba la lita 16, jioni jua likipoa. Majani hayawezi kupitisha mahitaji yote ya mche.

*Chamwino tena: Kwa hiyo hizi zangu zilizoanza kuiva na kola nifanyeje?*
Hizo peleka kwa mama ntilie, kwenye mchuzi hawaulizi kola. Nguvu zako weka kwenye matunda ya juu yaliyo bado kama gololi.