Umechaguliwa kamati ya zahanati? Pitia haya kabla ya kikao

Hongera, na pole pia. Mimi ni mkaanga samaki huku kusini ya mji wa Tanga, na ni mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati yetu. Wajumbe wapya huniuliza waanzie wapi. Waanzie kwenye vitabu vya MTUHA, yaani rejesta ambamo kituo huandika huduma zake.

Kabla ya kikao cha robo mwaka, mfuate mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, mchana foleni ikipungua. Muombe jumla za kila mwezi za kitabu namba 6, cha wajawazito, na namba 12, cha waliojifungua. Jumla tu. Majina hayakuhusu, mjumbe anayechungulia majina ni mmbea aliyepewa cheo. Wakiandikishwa wengi na kujifungua wachache, uliza waliobaki wamekwenda wapi: hospitali ya mkoa ya Bombo, kwa mkunga wa mtaani, au kwa mama zao?

Halafu toka nje, waulize wenyewe. Kwetu kliniki ya wajawazito wiki moja ilifurika, wiki ya pili mabenchi matupu. Nesi akaona ni uzembe. Nikamuuliza bibi mmoja mkulima wa mwani, akacheka: "Mwanangu, siku yenu ikiangukia bamvua sisi tuko baharini. Maji yanakauka asubuhi, tukirudi nyie mshafunga." Bamvua, siku bahari inapojaa na kupwa sana, haingoji ratiba ya mtu. Tukakubaliana wiki hizo wajawazito wapokewe hadi alasiri. Halikuhitaji hata shilingi.

Linalohitaji shilingi lazima liingie kwenye mpango wa kituo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Afya wa Pamoja, unaochangiwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ina sauti kwenye mpango na matumizi. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini mpango unaandaliwa miezi mingi nyuma, kwa hiyo mwenye hoja ya Juni keshachelewa. Na usiandike "maji ni shida". Andika: tanki la chumba cha kujifungulia limepasuka, fundi amelikagua, bei yake hii hapa.

Jua pia mlango wa kubisha. Zahanati na vituo vya afya viko chini ya halmashauri, kwa hiyo nenda kwa Mganga Mkuu wa Jiji. Juu yake ni TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia halmashauri. Bombo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, iko chini ya Wizara ya Afya. Watu humaliza pumzi kumgombeza diwani kwa foleni ya Bombo, bure kabisa.

Muhtasari wa kikao chenu ukisainiwa, nakala moja mpelekee mtendaji wa kata ili hoja ifike Kamati ya Maendeleo ya Kata. Muulize tarehe ya kikao chao kwanza, ndipo mpange chenu; wakiwatangulia, karatasi yenu italala mezani hadi wakutane tena.