Namna ya Kuwa Mhadhiri wa Saikolojia ya Elimu Nchini Tanzania

Anayetaka kufundisha saikolojia ya elimu katika chuo kikuu cha Tanzania hana budi kujiandaa tangu mwaka wa kwanza wa shahada, kwa kuwa kinachotazamwa kwanza ni wastani wa ufaulu. Ukufunzi msaidizi, ambao ndio ngazi ya kuanzia, hudai wastani huo, yaani GPA, usiopungua 3.8 kati ya 5, na anayeomba uhadhiri msaidizi hudaiwa pia shahada ya uzamili yenye 4.0. Masomo haya hupatikana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika vyuo vyake vishiriki vya Chang'ombe na Mkwawa, na Chuo Kikuu cha Dodoma.

Mazoezi ya kufundisha yasichukuliwe kama likizo. Ukiweza, fundisha shuleni kwa muda kabla ya kusomea uzamili, kwa sababu utakapoeleza nadharia ya mwanasaikolojia Jean Piaget kuhusu hatua za ukuaji wa fikra za mtoto, mwanachuo atakuuliza aitumieje katika darasa lenye watoto themanini, na swali hilo halijibiwi kwa slaidi.

Penye kazi kubwa zaidi ni kwenye utafiti. Vipimo vingi vya saikolojia vilitungwa Ulaya na Marekani, na kuvichukua vilivyo ni hatari. Robert Serpell, mwanasaikolojia aliyefanya kazi kwa miaka mingi Zambia, aliwalinganisha watoto wa huko na wa Uingereza katika kunakili maumbo: kwa penseli Waingereza walishinda, kwa waya, ambao watoto wa Zambia huuchezea wakitengeneza magari, Wazambia walishinda, kwa udongo wa mfinyanzi walikaribiana. Angetumia penseli peke yake, angewaona watoto wa Zambia kuwa wazito wa akili. Kwa hiyo hojaji ya wanafunzi wa shule ya msingi itafsiriwe kwa Kiswahili, mtu mwingine asiyeiona ile ya awali airudishe katika lugha iliyotungwa nayo, tofauti zijadiliwe, kisha ijaribiwe katika shule isiyomo kwenye sampuli.

Kibali cha utafiti nacho kina ngazi zake: barua ya chuo hupelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ndipo ufike kwa mwalimu mkuu au mkuu wa shule. Panga safari hizo mapema, na usiende shule ya msingi Septemba, darasa la saba wanapofanya mtihani, wala sekondari Novemba, zamu ya kidato cha nne. Utapokewa kwa adabu na kurudi mikono mitupu.

Shahada ya uzamivu humfikisha mtu kwenye uhadhiri kamili. Kutoka hapo hadi uhadhiri mwandamizi, uprofesa mshiriki na uprofesa, hoja kuu ni machapisho katika majarida yanayopitiwa na wataalamu. Toa makala ya kwanza katika tasnifu yako kabla hujakabidhiwa kozi yenye mamia ya wanachuo, kwa maana baada ya hapo jioni zako zitakuwa za kusahihisha.