Kabla ya kuvusha pikipiki Ziwa Kivu: mambo ya kuzingatia

Motari (dereva wa bodaboda) anayetoka Goma kwenda Idjwi, Minova au Bukavu na chombo chake huanza kwa kuulizia bei: ya mtu ni ngapi, ya pikipiki ni ngapi, wabebaji wanataka ngapi. Mimi naomba aanze na swali jingine: itakaa wapi ndani ya boti, na itafungwa kwenye nini? Pikipiki ya kazi ina zaidi ya kilo 100. Ikianguka upande mmoja wakati wimbi linapiga, uzito wote unahamia huko, pamoja na magunia ya makala (makaa) iliyoyasukuma na watu walioikimbia. Tunaifunga kwa ajili ya hao watu kwanza, rangi na vioo baadaye.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika Kituku, bandari ya Goma. Ilikuwa imejazwa kupita kiasi, na makumi ya watu walikufa huku waliokuja kuwapokea wakiona. Kwa hiyo kabla hujalipa, simama ufukweni uitazame boti yenyewe. Maji yakiwa yamekaribia ukingo, au ukiona jaketi za kuokolea hazitoshi abiria, rudisha pikipiki nyuma usubiri nyingine. Boti iliyojazwa hivyo haiokolewi na kamba yoyote. Ondoka asubuhi, usikubali kusafirishwa usiku.

Nyumbani, punguza esansi (petroli), kibaki kiasi cha kukufikisha kituo cha mafuta ng'ambo. Kaza kifuniko cha tangi na ufunge koki. Ndani ya boti kuna wanaovuta sigara, pengine hata mbabula (jiko) wa makala umewashwa, na harufu ya esansi ikisikika ni hatari tayari. Piga picha ya plaki ya namba na namba ya chasisi. Karatasi za pikipiki zifunge kwenye plastiki, ukae nazo mwilini, zisiachwe chini ya kiti.

Kuhusu kamba, wengi wetu tunatumia mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Kwa kufunga mzigo kwenye keria ni mizuri sana. Kwa kushikilia pikipiki majini haifai, kwa sababu inavutika: wimbi likija pikipiki inainama, mpira unairudisha kwa nguvu, nayo inazidi kuyumba. Kamba ya nailoni ni afadhali, lakini nayo ikilowa hurefuka kidogo. Mikanda ya kukazia ile ya malori ndiyo bora. Ukipata minne, umemaliza.

Kupandisha ni kazi ya watu wawili au watatu. Injini imezimwa, mzigo umeshushwa, mmoja ameshika breki ya mbele, ubao umekaushwa matope. Iweke katikati, chini kabisa, mbele ielekee omo, yaani mbele ya boti. Usukani unyooke, kwa hiyo usiufunge kwa ufunguo. Tia gia ya kwanza. Gurudumu la mbele liwekee vipande vya mbao mbele na nyuma. Mawe ya volkano yamejaa kila mahali Goma, lakini yanabingirika na kukwaruza sakafu.

Sasa kufunga. Kamba za mbele zipite chini ya usukani, pale miguu miwili ya shokapu za mbele inaposhikana na fremu, moja kulia na moja kushoto, zishuke kwa mshazari hadi kwenye mataruma (mbavu za mbao) ya boti. Usizifunge kwenye ncha za usukani, maana zitateleza au zitaupinda. Wala kwenye benchi, ambalo pengine limeshikwa na misumari miwili tu. Mwenzako aegemee usukani kwa kifua mpaka shokapu zishuke kama nusu, nawe ukaze hapo hapo. Akiachia, pikipiki inasukuma juu, kamba zinabaki zimekazika. Isishuke hadi mwisho, sili za shokapu zitavuja mafuta. Za nyuma zishike fremu karibu na vikanyagio vya abiria. Kitambaa kikae kila mahali kamba inapogusa rangi. Mwishowe shika kiti uitikise kwa nguvu: boti itikisike pamoja nayo.

Kwenye pirogi (mtumbwi) ndogo pikipiki haiwezi kusimama. Ilazwe katikati ya sakafu, betri imetolewa, tangi limemwagwa kwenye bidoni lenye kifuniko.

Mkishaacha gati na mawimbi kuanza, pitia tena kila fundo, kwa kuwa kamba hulegea mwanzoni. Watoto wasikae kati ya pikipiki na ubavu wa boti, hata kama ndiyo nafasi pekee yenye kivuli. Mkifika, usifungue chochote mpaka boti imefungwa gatini. Anza na za nyuma. Za mbele zifunguliwe mwisho, mtu akiwa ameshika breki.