Motohomu hatua kwa hatua: kuikagua, kuipakia, kuiendesha na kuilaza

Chukua nyumba ndogo yenye jiko, choo na kitanda, ipandishe juu ya chesisi ya gari la mizigo, kisha itikise barabarani saa tano mfululizo. Hayo ndiyo maisha ya motohomu. Kila safari skrubu zinalegea kidogo, viungo vya mabomba vinasogea, na gundi ya paa inapata ufa mwembamba kama unywele. Nimeishi na magari haya kwa miaka, hili la sasa ni la pili, na karibu kila hasara niliyopata ilitokana na kitu nilichokikisia badala ya kukipima. Kwa hiyo mwongozo huu una vipimo vingi. Andika vya gari lako kwenye daftari moja na uliweke karibu na usukani.

Hatua ya 1: Kabla ya kununua, tafuta unyevu

Wanunuzi wengi hukimbilia injini. Injini haikosi fundi: motohomu nyingi zimejengwa juu ya magari ya kazi kama Fiat Ducato, Ford Transit na Mercedes-Benz Sprinter, na fundi wa dizeli aliyezoea magari hayo atajua pa kuanzia. Kinachoua motohomu ni maji ya mvua. Yanapenya kwenye maungio ya paa na kuta, pembeni mwa madirisha ya paa, hata kwenye tundu la skrubu ya taa ya nyuma. Yakishaingia hushuka katikati ya ukuta, yakaozesha mbao na plaiwudi huku kwa nje bodi ikiendelea kung'aa.

Ukiweza, nenda kulikagua siku ya mvua au kesho yake. Fungua kila kabati la juu na unuse ndani. Bonyeza kwa kidole gumba kona zote za dari, sehemu ya chini ya kila dirisha, sakafu ya bafu, na ukuta ulio nyuma ya magodoro. Ukuta mzima unakaza. Uliooza unabonyea kama mkate uliolowa. Tazama karatasi ya ukutani iliyojikunja, madoa ya manjano, na vichwa vya skrubu vyenye kutu. Kifaa cha kupimia unyevu wa mbao kinasaidia sana: chini ya asilimia 15 huna wasiwasi, ikipita 20 tafuta maji yanapoingilia, ikipita 30 mbao zenyewe huenda zimeshaharibika.

Gari langu la kwanza lilikuwa limepuliziwa manukato. Nilidhani mwenye gari ni mtu msafi. Miezi miwili baadaye niliinua godoro la nyuma nikakuta kona nzima imelainika, nikaing'oa kwa vidole. Tangu hapo, gari linalonukia sana nalikagua mara mbili.

Baada ya bodi, uliza umri wa vitu vinavyozeeka hata gari likisimama. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kwa kilomita au kwa miaka, kinachotangulia, na kwenye motohomu karibu kila mara miaka ndiyo inayotangulia. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo mengi hubadilishwa kila baada ya miaka 2. Tairi nazo huandikwa tarehe ubavuni: tafuta herufi DOT, kisha soma tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la motohomu huzeeka kwa jua na kwa kubeba uzito likiwa limesimama, kashata zikiwa bado mpya. Mimi sivuki miaka 6.

Hatua ya 2: Lipeleke kwenye mizani

Hapa ndipo watu wanapojidanganya zaidi. Uzito ulioandikwa kwenye karatasi za gari mara nyingi hauna turubai la kivuli, betri ya ziada, paneli za sola wala kibebeo cha baiskeli. Jaza mafuta, acha tanki la maji tupu, nenda kwenye mizani ya malori, upime gari zima, kisha kila ekseli (chuma kinachobeba jozi ya magurudumu) peke yake.

Tuseme gari lako limeruhusiwa kilo 3,500, kikomo ambacho leseni ya kawaida ya daraja B inaishia katika nchi nyingi za Ulaya. Mizani imesema 3,050. Umebakiwa na 450. Watu wazima wawili, kilo 150: zimebaki 300. Maji lita 100 ni kilo 100 kamili: zimebaki 200. Mitungi miwili ya gesi pamoja na chuma chake, kama 50: zimebaki 150. Hizo ndizo za chakula, vyombo, nguo, viti, zana na baiskeli. Zinaisha upesi.

Kwa sababu hiyo sisafiri na tanki la maji likiwa limejaa, ila kama ninakokwenda hakuna maji. Lita 20 zinatosha njiani. Vitu vizito viweke chini na katikati ya ekseli mbili. Makabati ya juu yabaki na nguo na vitu vya plastiki. Jihadhari hasa na buti la nyuma. Mzigo unaokaa nyuma ya ekseli ya nyuma hufanya kazi kama mtu aliyekaa kwenye ncha ya pembea: kilo 100 huko zinaikandamiza ekseli ya nyuma kwa zaidi ya kilo 100, na papo hapo zinainyanyua ile ya mbele, ambayo ndiyo yenye usukani. Ukiona usukani umekuwa mwepesi kupita kawaida, angalia umepakia nini nyuma.

Ukishajua uzito wa kila ekseli, jaza upepo wa tairi kulingana na uzito huo, kwa jedwali la mtengenezaji wa tairi, asubuhi kabla hujatembea. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja, linachemka, na hupasuka kwenye mwendo kasi.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya umeme

Motohomu ina betri mbili zenye kazi tofauti: ya kuwashia injini na ya nyumba. Ya nyumba ndiyo ya kuhesabia. Friji ya kompresa ya wati 45 inayozunguka nusu ya siku hula wati-saa 540, yaani ampea-saa 45 kwenye volti 12 (wati-saa ukizigawa kwa volti unapata ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inatoa). Taa nne za LED za wati 3 kwa saa nne, ampea-saa 4. Feni ya wati 24 usiku kucha kwa saa nane, 16. Ongeza pampu ya maji na simu, unakaribia 70 kwa siku.

Sasa, betri ya kawaida ya risasi na asidi ya ampea-saa 100 usiitumie zaidi ya nusu, la sivyo inakufa mapema. Kwa hiyo ina 50 tu za kweli, na siku yako ya kwanza imeshaivuka. Betri ya lithiamu ya ukubwa uleule inakupa 80 na zaidi, na ni nyepesi, lakini inahitaji chaja yake, tena haipaswi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0. Paneli ya sola ya wati 200 iliyolala juu ya paa, siku ya jua kali, hurudisha wati-saa 600 hadi 800. Siku ya mawingu usiitegemee.

Funga kipima volti unachoweza kukisoma ukiwa kitandani. Betri ya risasi iliyopumzika ikionyesha 12.7 imejaa, ikionyesha 12.2 imebaki nusu, acha kutumia. Na birika la umeme la wati 2,000 liache nyumbani: kupitia inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) litavuta zaidi ya ampea 160 kutoka kwenye betri. Chemsha maji kwa gesi. Waya yoyote inayotoka kwenye nguzo chanya ya betri iwe na fyuzi karibu na betri, si mwisho wa waya. Kifyuzi hicho kidogo kinaweza kuzuia moto.

Hatua ya 4: Gesi, bila mzaha

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini. Inajaa sakafuni kama maji. Ndiyo sababu kuna matundu ya makusudi kwenye sakafu ya kabati la gesi na karibu na jiko. Watu huyaziba kwa kuogopa wadudu au baridi. Tafadhali usiyazibe. Kama wadudu wanakusumbua, weka wavu wa waya.

Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye kiungo na uangalie mapovu. Mpira wa gesi una tarehe. Ukipitwa na wakati, ubadilishe hata kama unaonekana mzima. Ukiendesha, funga koki kwenye mtungi wenyewe, labda uwe na regyuleta maalumu inayokata gesi gari likigongwa. Ukienda penye baridi, chukua propeni: buteni huacha kugeuka kuwa mvuke karibu na nyuzi 0, ilhali propeni inaendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri.

Weka vipima hewa viwili: cha gesi, karibu na sakafu, na cha monoksidi ya kaboni, pale maelekezo yake yanaposema. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamki. Jiko ni la kupikia. Usilitumie kupashia joto chumba.

Hatua ya 5: Maji yanayoingia na yanayotoka

Tanki la maji safi lisafishe mwanzo wa msimu na kila baada ya kukaa muda mrefu. Klorini ya kawaida ya kufulia isiyo na manukato, kama mililita 60 kwa kila lita 57 za maji. Fungua kila bomba, la moto na la baridi, mpaka unuse klorini. Acha saa 4 hadi 12, mwaga, kisha suuza mpaka harufu iishe.

Kuhusu choo chenye tanki kubwa, kosa la kawaida ni kuacha valvu wazi ukiwa umeunganisha bomba la kumwagia. Maji yote hukimbia na kinyesi hubaki, kikajijenga kama kichuguu. Iache imefungwa mpaka tanki lifike theluthi mbili, ndipo ufungue. Mwaga la choo kwanza, halafu la maji ya kuoshea vyombo, ili haya ya pili yasuuze bomba. Na mwaga mahali palipotengwa kwa kazi hiyo tu. Anayemwaga kichakani anatufungia milango sisi sote tutakaopita baadaye.

Hatua ya 6: Barabarani

Pima urefu wa gari kwenda juu mpaka kwenye kitu kilichochomoza zaidi (mara nyingi ni antena au kiyoyozi), ongeza sentimita 10, andika kwa herufi kubwa mbele ya macho yako. Wengi hukumbuka madaraja na kusahau paa za vituo vya mafuta na matawi ya miti.

Kitu kitakachokushangaza ni mkia. Kwa kuwa sehemu kubwa ya bodi inachomoza nyuma ya magurudumu ya nyuma, ukikata kona kulia mkia hufagia kushoto. Tafuta uwanja mtupu, weka makopo, zungusha usukani mpaka mwisho, na umwombe mtu akuangalizie mkia unafika wapi. Nusu saa ya zoezi hilo inaokoa bampa nyingi. Kwenye kurudi nyuma, mtu wa kukuelekeza asimame unapomwona kwenye kioo, usipomwona, simama.

Kwenye mteremko mrefu, shusha gia kabla hujaanza kushuka ili injini ishike gari. Breki zinazokandamizwa mfululizo hupata moto, na mafuta yake yakiwa na unyevu yanachemka, kanyagio likazama bila kushika kitu. Lori likikupita, tarajia kusukumwa na kisha kuvutwa. Shika usukani kwa mikono miwili na uondoe mguu kwenye mafuta.

Hatua ya 7: Kufika na kuondoka

Ukifika, sawazisha gari kwanza kwa kabari chini ya tairi. Friji inayotumia gesi haina kompresa. Hutegemea kimiminika kinachozunguka chenyewe, na ikiinama sana inaacha kupoza na inaweza kuharibika. Usiku wa kwanza kabisa lala karibu na nyumbani, ili utakachokisahau ukakichukue.

Ukiondoka: gesi, waya wa umeme, madirisha ya paa, antena, ngazi, kabari, komeo za makabati na friji. Mmoja azunguke, wa pili azunguke tena baada yake bila kumuuliza.

Hatua ya 8: Kuilaza

Kabla ya kuiacha miezi, toa maji yote, kwenye hita pia, maana baridi ikigandisha maji mabomba yanapasuka. Friji ibaki wazi kidogo, magodoro yasimame ili hewa ipite, betri ya nyumba ijazwe na kuzimwa kwa swichi yake kuu. Ukiweza, mara moja kwa mwezi iendeshe mpaka injini ipate moto. Kuwasha dakika tano tu na kuzima kunaacha unyevu kwenye mafuta na ekzosi.

Halafu panda ngazi uangalie paa. Ukiona gundi imepasuka, kwangua ya zamani yote, safisha, kausha, na uweke gundi ya maungio ya paa inayobaki laini. Usipake silikoni juu: gundi nyingine haitashika juu yake tena, na maji yatapita chini yake ukidhani umeziba. Baada ya mvua ya kwanza, rudi ndani na kidole gumba chako, kona kwa kona.