Somo: Kusaka kosa katika modeli inayobadili majibu

Wakuu, wapo wenzetu Mtwara na Lindi wanaofundisha modeli (programu inayojifunza kutokana na mifano) kutambua ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, kwenye picha za mikorosho. Kodi ileile ya programu, picha zilezile, matokeo kila siku tofauti. Programu ya kawaida ikiwa na kosa mara nyingi hukwama. Modeli huendelea kujibu, vibaya kidogo tu, nawe unadhani ni bahati.

1. Funga nasibu. Uzito wa mwanzo (namba za ndani ambazo modeli huzirekebisha inapojifunza) na mpangilio wa picha hutoka kwenye namba za nasibu. Weka mbegu ya nasibu (namba inayofanya nasibu ijirudie vilevile) kwenye lugha ya Python na maktaba zake NumPy na PyTorch, zote tatu, kisha `torch.use_deterministic_algorithms(True)`. Kasi itapungua, vumilia.

2. Soma hasara ya kwanza, yaani kipimo cha makosa ya modeli. Kwa makundi mawili (majani yenye ugonjwa na yasiyo nao) yenye idadi sawa ya picha, modeli isiyojua kitu huanza karibu na 0.693, logi asilia ya 2. Ikianza mbali sana, kagua safu ya mwisho, ile inayotoa jibu.

3. Ikaririshe picha nane. Hasara isiposhuka karibu na sifuri, tafuta kosa kwanza, usianze kufunza kwa data yote. Hatua hii naiamini kuliko zote, maana mbegu yoyote utakayoweka, modeli isiyo na kosa lazima iweze. Lakini hainasi lebo mbovu (jibu lisilo sahihi lililoandikwa kwenye picha): modeli hukariri hata uongo. Lebo zikague kwa macho, pamoja na mtu anayeijua mikorosho. Kama picha za majani yenye ugonjwa zilipigwa baada ya kupuliza salfa, modeli inaweza kujifunza vumbi la salfa badala ya ubwiriunga.

4. Fungulia nasibu. Funza kwa mbegu tano, toa wastani pamoja na matokeo ya chini na ya juu. Ongezeko dogo kuliko tofauti ya mbegu na mbegu usiliite maendeleo.

Maswali

*Mwanachama, Newala:* Mwalimu, mbegu nimeweka, ila matokeo ya GPU yangu (kichakato kinachofanya hesabu za modeli) hayaafikiani na ya mwenzangu.

*Jibu:* Andika kwenye Python `(0.1+0.2)+0.3`, utapata 0.6000000000000001. Andika `0.1+(0.2+0.3)`, utapata 0.6. GPU tofauti hujumlisha kwa mpangilio tofauti. PyTorch wenyewe hawaahidi matokeo sawa kati ya vifaa au matoleo. Linganisha kwa `torch.allclose`, inayokubali tofauti ndogo, siyo kwa usawa kamili.

*Mwanachama, Nachingwea:* Jaribio la otomatiki nitaliandikaje kama jibu halitabiriki?

*Jibu:* Dada, pima kisichotakiwa kubadilika. Geuza picha ya jani kushoto kulia: kama lilikuwa na ubwiriunga, bado linao. Na picha za mkorosho mmoja zisigawanywe, nyingine kwenye mafunzo, nyingine kwenye majaribio.